Simu ya Mama Atupele

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Siku hiyo sikuwa nimeonja pombe, sikuwa na homa, na ilikuwa saa tisa mchana, si usiku wa manane kama visa vingine unavyovisikia. Naanza na hilo kwa sababu najua utakavyofikiri, na ningekuwa wewe ningefikiri vivyo hivyo. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Kuandika nilikuzoea kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa karani wa kupima majani ya chai hapa Suma, na karani asiyeandika jambo siku ile ile, kesho yake ataandika uongo. Basi jioni ile nilipofika nyumbani niliandika kwenye daftari langu, na ninayokusimulia nayatoa humo. Mahali ambapo sina uhakika nitakuambia sina uhakika.

Kwanza lazima ujue jambo moja, maana bila hilo hutaelewa nilikosea wapi. Kwetu Wanyakyusa, zamani, baba mkwe na mkamwana wake walikuwa hawatazamani. Mke wa mwanao akikuona unakuja, anatoka njiani, anaingia majanini, anakupa mgongo, anajifunika kanga kichwani na kuinama mpaka upite. Jina lako halitaji. Chombo mnachokula hakiwi kimoja. Si chuki hiyo, usinielewe vibaya. Ni heshima, tena heshima kubwa. Siku hizi wengi wameiacha. Watu wa Tukuyu mjini wanakula meza moja na wakwe zao na kutaniana nao, na sijaona wamepatwa na baya lolote. Lakini mimi nililelewa hivyo, na mke wa mwanangu naye alitoka kwa watu wanaoshika hivyo, basi tukaishi hivyo.

Tulimwita mama Atupele, kwa jina la mtoto wake. Aliolewa na mwanangu Ambilikile, akakaa miaka saba kwenye nyumba inayotazamana na yangu. Mke wangu alipokuwa hai mambo yalikuwa rahisi, maana yeye ndiye aliyesimama kati yetu. Alipofariki, na Ambilikile akaenda kuchimba dhahabu Chunya, tukabaki watatu: mimi, yeye, na mjukuu wangu Atupele. Nikitaka kusema na mkwe nilimwambia mtoto, na mama mtu yuko hatua tano tu, nyuma ya ukuta wa jiko, anasikia kila neno.

"Atupele, mwambie mama yako chumvi imezidi."

"Mwambie babu nimesikia," inatoka sauti ya chini kule nyuma.

Mtoto anageuka huku na huku kama mkalimani wa mkutano wa injili. Tulikuwa tunacheka, kila mtu upande wake.

Miaka saba, na uso wake siujui. Hebu fikiria. Mgongo wake ningekuonyesha katikati ya migongo mia: bega la kushoto lililoshuka kidogo, na namna alivyokuwa akiokota upindo wa nguo kwa mkono mmoja usiguse tope. Lakini macho yake, mdomo wake, hapana. Siku moja aliteleza na ndoo ya maji pale kwenye mteremko wa kisima. Nilisikia kishindo, nikageuza uso, nikasubiri ainuke mwenyewe. Ndivyo ilivyotakiwa. Sijui kama aliumia, sikuuliza.

Akaugua kifua. Nilikuwa nasikia akikohoa usiku, ukuta kwa ukuta, nami asubuhi namwambia mtoto, "Mwambie mama yako anywe maji ya moto." Kwa kweli hayo tu. Ndugu zake walipokuja wakampeleka hospitali. Nilikwenda mara tatu, nikakaa nje kwenye benchi, nikawapa wao ndizi na uji waingize ndani. Atupele alikataliwa kuingia wodini kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Wiki ya tatu mama yake akafariki.

Simu yake ilikuwa ya kupangusa. Ambilikile alimnunulia mwaka aliopata bahati shimoni. Ilirudi kutoka hospitali imefungwa kwenye kitambaa. Ambilikile alikuja kuzika, akakaa siku saba, akakusanya vitu vya mkewe na kuviweka kwenye sanduku la bati chumbani kwangu. Akaniambia, "Baba, nitunzie vitu vya mama Atupele." Simu hakuitaja kwa jina, lakini ilikuwemo, nami niliiona ikiingia. Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwa hilo, kwamba hakuitaja. Utetezi huo hausimami.

Asubuhi tatu mfululizo, saa kumi na moja alfajiri, simu ililia ndani ya sanduku. Marehemu alikuwa ameitega imwamshe kwenda kuchuma chai. Atupele alikuwa akiruka kitandani akidhani mama yake ameamka. Asubuhi ya nne chaji ikawa imeisha, kukawa kimya, na mtoto akaja mlangoni kwangu.

"Babu, washa simu ya mama."

"Ya nini?"

"Mama ana maneno yangu humo. Aliniwekea kule hospitali. Aliniambia kwa simu ya mjomba."

"Maneno hayawekwi kwenye simu, mjukuu wangu. Mtu akishasema, yamekwisha."

Nilimjibu hivyo. Simu yangu mimi ni ya tochi, ya kupiga na kupokea, na sikujua kama simu inaweza kutunza sauti ya mtu. Hapana, ngoja niseme ukweli. Nilikuwa nimesikia kwamba inaweza. Sikutaka kujua.

Ikafika Januari, Atupele anaanza darasa la kwanza. Sare, viatu, madaftari. Ndizi zilikuwa hazina bei na Ambilikile alikuwa kwenye shimo lisilotoa kitu. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili naiandika kwa kuwa ni kweli: nilikuwa sitaki tena kulala chumba kimoja na kitu cha mkwe. Nikafungua sanduku uso nimeugeuza pembeni, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Nikatoa simu, boksi lake, chaja, hedifoni, na kava la zambarau. Nikavitia kwenye mfuko, nikapanda pikipiki mpaka Ibighi, pale Tukuyu mjini, kwa fundi mmoja anayetengeneza simu na kuuza zilizokwisha kutumika. Nitamwita Sadiki, silo jina lake. Ni mtu wa swala tano, mkweli, na nataka ieleweke tangu sasa kwamba yeye hana kosa.

"Shikamoo mzee. Umefanya la maana kuja na boksi," alisema akipanga vile vitu mezani. "Simu isiyo na boksi kila mtu anaona ya wizi. Chaja yake hii? Na hedifoni, na kava! Hapo mnunuzi hana la kuuliza. Ni yako?"

"Ya mkwe wangu. Marehemu."

"Aa. Pole sana, mzee."

Akaichomeka kwenye umeme, akangoja kidogo, akabonyeza. Kioo kikawaka, na pale kwenye kioo palikuwa na sura ya mwanamke. Niligeukia ukutani kwa haraka hata nikagonga kabati lake la vioo.

"Vipi mzee, nyoka?"

"Funika hiyo! Huyo ndiye mkwe wangu."

Sadiki akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Kumbe wewe ni wale wenyewe wa zamani! Basi tulia, nimeilaza kifudifudi. Sasa sikiliza. Humu kuna picha, na kuna sauti zimerekodiwa, nyingine ni za karibuni tu. Nikutolee kwanza, nizihifadhi pembeni? Marehemu ameacha mtoto?"

"Futa."

"Mzee, nikifuta ndiyo basi. Hazirudi."

"Futa vyote. Mwanamume mwingine anunue simu hii akae anamtazama mke wa mwanangu? Mimi mwenyewe sijamtazama!"

Umeona? Nilidhani namfunika. Unavyomvutia marehemu shuka usoni ili watu wasimkodolee macho, ndivyo nilivyojiona natenda. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa wakati fundi anabonyeza. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba sikusikia hata kidogo kuwa nafanya ubaya.

Sadiki akachomoa pia memori kadi, kitu kidogo kama ukucha wa mtoto. "Na hii nayo ina vitu vyake, mzee. Hizo sauti zimeingia huku pia."

"Kaa nayo iwe ujira wako. Lakini ifute, na usiitazame."

"Haya. Leo nina kazi za watu mezani, nitaifuta nikipata nafasi." Akarudisha simu kwenye boksi. "Kuinunua mwenyewe leo siwezi, lakini kuna mwalimu wa Kyimo anatafuta kama hii. Niletee Jumatatu, mtaandikiana."

Ilikuwa Ijumaa. Nikapanda pikipiki kurudi Suma. Kwenye njia panda dereva akasema haendi mbele, tope limezidi, na yeye atajibanza hapo hapo mpaka mvua ipungue ndipo arudi mjini. Nikashika njia ya miguu katikati ya mashamba ya chai, boksi nimelikumbatia ndani ya koti. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wetu wa kulala juu ya michai. Mvua ilipozidi nikakimbilia banda la kupimia chai. Banda hilo nalijua kuliko nyumba yangu. Nimesimama humo miaka kumi na mitano nikisoma mizani. Ijumaa halipokei majani, halina mtu.

Siku hiyo lilikuwa na mtu. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi la wachumaji, kanga mabegani, anatazama mlango. Nguo zake zilikuwa kavu. Nilijiambia alifika kabla ya mvua.

"Shikamoo, tata," alisema. Tata kwetu ni baba.

"Marahaba, mwanangu. Mvua imetukamata."

Alinitazama usoni moja kwa moja, bila haya, kama wanavyotazama wa mjini. Basi na mimi nikamtazama. Alikuwa na umri usiofika thelathini, uso mwembamba, mwanya kwenye meno ya juu, na kovu dogo juu ya jicho la kulia. Sikumjua. Nikadhani ni mgeni wa mtu, au mke wa mtu kutoka ng'ambo ya mto.

"Umekumbatia nini hivyo, tata? Kifaranga?"

"Simu. Nauza."

"Basi tuione. Au unauza mbuzi kwenye gunia?"

Nikacheka, nikampa boksi. Alitoa kitu kimoja kimoja na kukipanga mapajani. Chaja aliizungusha waya kwenye vidole viwili, kisha akaukunja pale unapoingia kwenye simu. "Hii ukiichomeka, ikunje shingo hivi. Bila hivyo haipeleki."

"Umejuaje?"

"Chaja za aina hii zote zina ugonjwa huo."

Inawezekana ni kweli. Mimi chaja sizijui. Akashika hedifoni. "Na hizi, sikio moja halisemi."

"Fundi hakuniambia hilo."

"Fundi ana masikio mawili mazima, atajuaje shida ya sikio moja?"

Nakiri nilifurahi. Tangu mke wangu afe hakuna mwanamke aliyekuwa amenitania. Nilikaa kwenye lile benchi, nikaweka kofia pembeni, nikawa namsikiliza kama mtu aliyetembelewa na mgeni wake.

Akaiwasha simu. Sadiki alikuwa ameipa chaji kidogo. Kioo kikaja cheupe, kinauliza utumie lugha gani, kama simu iliyotoka dukani. Alikitazama muda mrefu sana. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, hakigusi.

"Ni tupu," alisema.

"Nimeifutisha. Iko safi."

"Hata sauti?"

"Vyote."

"Wewe ulisikiliza kwanza?"

"Ningesikilizaje? Mwenyewe alikuwa mkwe wangu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nami nikadhani labda hakunisikia, nikataka kurudia. Ndipo akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "Kumbe heshima inaweza kufika mpaka huko." Naapa ningependa angesema kwa hasira.

Nikaanza kutaja bei, maana nilikuwa sijui niseme nini. Akatikisa kichwa, akavirudisha vitu kwenye boksi kimoja kimoja. "Mimi nilikuwa naitaka na vilivyomo, tata. Hii ilivyo muuzie mwalimu."

Sikuwa nimemtajia mwalimu. Nimelifikiria hilo sana. Daftari langu halionyeshi nimemtajia, na kichwa changu hakionyeshi.

"Memori kadi iko wapi?"

"Kwa fundi, Ibighi."

"Ameifuta?"

"Alisema akipata nafasi."

Hapo akasimama. "Basi bado ipo. Rudi ukaichukue. Leo hii, tata, sasa hivi. Pikipiki haijaondoka njia panda. Usingoje kesho."

"Kadi ya watu wewe ya nini?"

"Si yangu," alisema. "Nenda tu."

Akatoka nje kwenye mvua. Nilitoka nyuma yake nimuulize ni binti wa nani. Alikuwa mbele yangu kama hatua kumi. Akasikia nyayo zangu. Na hapo, ndugu yangu, ndipo mwili wangu ulipokufa ganzi. Alitoka njiani. Akaingia kwenye mstari wa michai, akanipa mgongo, akavuta kanga kichwani, akainama. Mkono mmoja ukaokota upindo wa nguo usiguse tope. Bega la kushoto likashuka.

Watu humjua mtu kwa uso. Mimi nilimjua kwa mgongo.

Utauliza nilifanya nini. Nilipita. Unaamini? Niliinamisha macho nikapita, kama nilivyopita miaka saba. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilipopata nguvu ya kugeuka kulikuwa na michai na ukungu, basi. Nikasimama pale nimeshika boksi. Kule njia panda nikasikia pikipiki inawashwa. Ilinguruma mara moja ikazimika, ikawashwa tena. Kulikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Sauti yangu ni kubwa, nilikuwa naita majina ya wakulima mia mbili kwenye mizani. Sikuita. Nikaisikia ikiondoka mpaka ikapotea, nami nikaenda nyumbani.

Niliogopa, ndiyo. Lakini sitaki kuuficha uvivu wangu nyuma ya woga. Jumamosi nilikuwa sijambo, na mvua ilikuwa imekatika. Nikajiambia niliota kwenye benchi. Nikajiambia, mzee mzima, unafukuzia kadi kwa maneno ya mwanamke wa bandani, watu watasemaje? Jumapili nikaenda kanisani. Jumatatu ndiyo nikaenda Ibighi.

"Kadi ile?" Sadiki alisema. "Mzee, Jumamosi asubuhi niliifuta, nikaijaza nyimbo. Kuna mpita njia aliinunua, simjui."

"Ijumaa jioni ulikuwa nayo?"

"Ijumaa ilikuwa hapa hapa mezani mpaka nafunga. Ungerudi ungeondoka nayo na kila kitu chake." Kisha akanitazama. "Kuna nini, mzee?"

Nikamwekea boksi mezani, nikamwomba ajaribu kuzirudisha zile sauti. Alichukua ile simu akaiunganisha na kompyuta, akahangaika nayo mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akahangaika tena. Hakupata hata picha moja. Hakunitoza kitu. Mwalimu wa Kyimo alipokuja nikamwambia simu haiuzwi.

Pasaka Ambilikile akaja. Nilimkalisha nikaanza kwa kumuuliza, "Mkeo alikuwa na mwanya?"

"Baba!" Alishtuka kama nimemtukana. "Umejuaje?"

"Na kovu juu ya jicho la kulia?"

"Aliangukia jiwe la kusagia, utotoni. Nani amekuambia?"

Nikamsimulia yote, tangu sanduku mpaka pikipiki. Hakupandisha sauti. Aliuliza mara moja tu, "Zote, baba? Hata za hospitali?" Nikasema zote. Alitoka akasimama migombani mpaka giza likaingia. Aliporudi Chunya aliichukua ile simu ilivyo tupu, na boksi lake na chaja yake.

Kwa haki, lazima niseme na hili. Pengine niliuona ule uso kwenye kioo cha simu kwa Sadiki, kwa kufumba na kufumbua, na kichwa changu kikamtengeneza mwanamke mzima kwa hatia niliyonayo. Nimelipima hilo. Nikamuuliza Sadiki kama kwenye ile picha mwanamke alikuwa anacheka. Alisema hapana, alikuwa amefunga mdomo. Basi mwanya nimeuonea wapi? Lakini Sadiki naye aliiona mara moja tu, na fundi huona sura nyingi. Nakuachia mwenyewe uamue.

Mwanangu wa pili, ambaye miaka ile alikuwa akiishi mbali, aliporudi nyumbani akaoa, siku ya kwanza nilimwambia mkewe, "Njoo hapa mbele, mwanangu. Nitazame, nami nikutazame." Binti wa watu alilia kwa aibu. Wazee wenzangu wanasema nimeivunja heshima, na sibishani nao, maana sijui kama nina haki. Ninachojua ni kwamba akikohoa usiku mimi nagonga mlango.

Atupele sasa yuko darasa la sita. Mwaka jana baba yake alimweleza, naye akaja nikiwa nachambua maharage.

"Babu, ni kweli uliongea na mama?"

Nikamsimulia kama ilivyo kwenye daftari. Alisikiliza ameshika kidevu. Akaniuliza sauti ya mama ilikuwaje, nikajaribu: ya chini, nikasema, kama mtu anayetaka kucheka. Sijui kusimulia sauti, wewe unajua? Kisha akauliza lile ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Alinitaja?"

Hakumtaja. Nimelisoma daftari mara nyingi nikitafuta. Alitaja simu, chaja, fundi, kadi. "Si yangu," alisema, na hilo ndilo la karibu kuliko yote, lakini kutaja si hivyo. Nikamtazama mtoto.

"Alikutaja," nikasema.

"Alisemaje?"

Nikatunga. Nilisema alisema usome, umsikilize baba yako, na kwamba anakupenda. Atupele akaitikia kwa kichwa polepole, akasema asante babu, akaenda zake. Ungedhani limekwisha. Kesho yake jioni akarudi, akakaa pale pale, akasema, "Babu, niambie tena alivyosema mama. Vile vile alivyosema." Nikafungua mdomo, na nikawa nimesahau nilivyotunga jana. Nikasema kwa namna nyingine. Aliniona ninavyotunga. Hakuniuliza tena mpaka leo.

Basi wewe unayesoma, na hasa wewe mzee mwenzangu: kama ndani ya sanduku lako kuna simu ya aliyekufa, usiipeleke kwa fundi bado. Muite mtoto wake kwanza, kaa naye, mwache abonyeze. Kama mila inakukataza kutazama, geuka ukutani, lakini usifute. Mimi niligeuka ukutani na nikafuta, na sasa kuna mtoto nyumbani kwangu ambaye maneno ya mwisho ya mama yake ni yale niliyoyatunga mimi, tena siyakumbuki vizuri.